Acha Uji Upoe Kidogo

Mwanangu, nimeiona simu yako ilivyolala kifudifudi mezani. Tangu juzi unaigeuza hivyo hivyo. Najua kinachoingia humo. Wenzako wanatumiana majina ya vyuo walivyochaguliwa, huyu udaktari, yule uhandisi, na wewe umeambiwa upitie kwanza mwaka mmoja wa maandalizi. Unataka kusoma lishe ya binadamu, kemia ikakuangusha, na sasa unaona kama umerudishwa nyuma huku wengine wanapanda basi. Kwa umri wako mwaka mmoja ni mrefu. Nakumbuka.

Vuta kiti ukae. Nami nilipita mlango huo huo, tena nikiwa mkubwa kuliko wewe, na kuna makosa niliyafanya ambayo nisingependa kuyaona yakirudi kwa mtoto wangu.

Nilikuwa mpishi katika shule ya bweni. Asubuhi uji, mchana ugali na maharage, jioni ugali na maharage. Kidato cha sita nilikuwa nimemaliza miaka mingi nyuma. Baiolojia nilifaulu vizuri. Kemia, sitaki hata kukutajia alama. Niliposikia kwamba mtu anaweza kusoma mwaka wa awali, akafaulu, akapokelewa chuo kikuu, nilijiandikisha kimya kimya. Majirani niliwaambia nimechaguliwa chuo. Sikusema chuo gani wala mwaka wa ngapi. Aliyetaka kujua zaidi nilimuuliza habari za watoto wake, mazungumzo yakahamia huko.

Uongo ule ulinigharimu, mwanangu. Nyumba ya tatu kutoka kwangu alikaa mwalimu mstaafu wa kemia. Mtu mpole. Kila jioni alikuwa barazani kwake akimenya chungwa, ganda linatoka zima bila kukatika. Ningebisha hodi tu. Lakini ningeanzaje kumuuliza habari za moli, mimi niliyetangaza kwamba niko chuo kikuu? Nikapambana peke yangu usiku na taa ya chemli. Nikakusanya mitihani ya miaka iliyopita, nikaikariri mpaka nikajua swali gani hufuata lipi. Nikafaulu. Nilifaulu bila kuelewa, na deni hilo nilikuja kulilipa baadaye, mchana kweupe, mbele za watu.

Ngoja nikusimulie siku hiyo.

Ilikuwa mwaka wangu wa pili kazini. Nilikuwa afisa lishe katika wilaya moja ya Nyanda za Juu Kusini. Siku ya kliniki tulikutana chini ya mti, mizani imening'inizwa kwenye tawi, watoto wanapimwa mmoja mmoja wakiwa ndani ya ile suruali ya kitambaa, wengine wanalia, wengine wameduwaa tu. Baada ya kupima nilikuwa nimepanga kuwafundisha kina mama kuhusu uji.

Nikueleze kwanza shida yenyewe, maana ni hesabu ya shule ya msingi na wengi wetu hatuifanyi. Gramu 100 za unga wa mahindi zina takriban kilokalori 360. Sasa chukua uji mwepesi, ule ambao mtoto anaunywa bila kusumbua, wenye gramu 5 tu za unga katika mililita 100. Huo una kilokalori 18. Kikombe cha mililita 200 kina 36. Mtoto wa miezi kumi anayenyonya vizuri anahitaji kama 300 kwa siku kutoka kwenye chakula, mbali na ziwa la mama. Gawanya. Ni vikombe vinane na zaidi. Tumbo la mtoto huyo ni dogo kama ngumi yake mara mbili. Vikombe vinane haviingii. Anashiba maji, analala, mama anamshukuru Mungu kwamba mtoto amekula.

Basi utasema, aongeze unga. Akiongeza, uji unakuwa mzito kama gundi, mtoto anautema. Hapo ndipo kimea kinapoingia. Nafaka iliyochipushwa, hasa ulezi, ikikaushwa na kusagwa, unga wake mdogo tu unalegeza uji mzito bila kuongeza tone la maji. Unga unabaki ule ule, nguvu ile ile, ila sasa unamezeka. Watafiti wa hapa nchini walikwisha kuandika habari zake tangu miaka ya 1980. Nilikuwa nimesoma. Nilikuwa na uhakika.

Nikapika uji mzito, mwiko ukasimama. Nikauacha unatokota, nikamwaga vijiko viwili vya kimea, nikakoroga. Hakuna kilichotokea. Nikakoroga tena. Mwiko mzito vile vile. Nikaongeza kijiko cha tatu. Jasho likaanza kunitoka mgongoni. Kina mama wananitazama kwa ile heshima ya watu wanaokuonea huruma na hawataki uione.

Akainuka bibi mmoja, mpika pombe ya komoni wa kijiji, khanga yake imefifia rangi. Akasogeza nyuma ya kiganja chake karibu na sufuria. Akaniambia kwa sauti ya chini, ili nisikie mimi tu, "Mwanangu, umekiua. Acha uji upoe kidogo. Kimea hakipendi moto."

Akaipua sufuria ya pili ya uji mzito, iliyokuwa bado haijatiwa kimea, akaiweka chini. Akakaa. Akaanza kumuuliza mwenzake habari za mbegu za maharage. Mimi nilikuwa nimesimama na kijiko mkononi, nataka tuendelee, gari la halmashauri linanisubiri. Yeye wala. Mvuke ukapungua. Utando mwembamba ukaanza kujikunja juu ya uji. Ndipo akachota kimea kijiko kimoja, akakoroga taratibu akizungusha upande mmoja. Nilikuwa nimeinama pale, nimeona kwa macho yangu. Uji uliacha kushikana na mwiko. Ukalegea kuanzia pembeni ya sufuria, ukaingia katikati, na alipoinua mwiko ukadondoka mwembamba kama mtindi uliopigwa. Akaurudisha motoni uchemke tena kidogo, akamimina kwenye kikombe, akamnywesha mtoto aliyekuwa karibu naye. Mtoto akanywa wote.

Mwanangu, palepale niliiona karatasi yangu ya mtihani wa mwaka wa awali. Swali lilisema: eleza kwa nini kimeng'enya hushindwa kufanya kazi joto likizidi. Nilijibu kwa ufasaha. Kwamba kimeng'enya ni protini, kwamba joto kali huharibu umbo lake, kwamba umbo likiharibika hakiwezi tena kuushika wanga na kuukata. Nilipata alama zote. Kimea kimejaa kimeng'enya hicho hicho, amilesi, ambacho kimo hata kwenye mate yako. Sentensi nilikuwa naijua. Uji sikuwa naujua.

Yule bibi alikuwa hajui neno amilesi. Mimi nililijua neno, nikamwaga kitu chenyewe kwenye maji yanayotokota. Kama ule mwaka wa awali ningeusoma kwa kutulia, kama ningembishia hodi yule mwalimu mstaafu, akanipa tone la aidini na kipande cha muhogo nikaona wanga unavyogeuka bluu iliyokolea, nisingesahau kwamba kimeng'enya kina hali yake na lazima uiheshimu. Nilikuwa na mwaka mzima wa kujifunza jambo hilo, nikautumia kukimbia.

Ndiyo maana nakusihi usiuchukie mwaka huu. Ndio pekee utakaopewa muda wa kukaa na mambo madogo. Ukishaingia chuoni, baiokemia haikusubiri. Mhadhara wa kwanza unaanzia pale mwalimu anapodhani umefika. Niliwaona wenzangu walioingia moja kwa moja, vichwa vizuri kabisa, wakihangaika na mambo ambayo wangeyamaliza kwa wiki mbili kama mtu angewarudisha kwenye moli.

Njia yenyewe siku hizi iko wazi kuliko enzi zetu. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, kina programu ya mwaka wa awali, wenyewe mnaiita faundesheni, na ina mkondo wa sayansi. Mwongozo wa TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, umekuwa ukitaka GPA isiyopungua 3.0, na angalau C katika masomo matatu ya mkondo wako. Lakini usinisikilize mimi kwa hilo, wala usimsikilize dalali wa vyuo anayekutumia ujumbe usiku. Fungua mwongozo wa mwaka wako mwenyewe, usome mstari kwa mstari, kwa sababu masharti hubadilika, na chuo unachokitaka kina masharti yake juu ya yale. Ukitaka Lishe ya Binadamu pale Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, shahada ni ya miaka mitatu, na kemia na baiolojia ndizo watakazoziangalia. Chagua masomo ya mwaka wa awali ukijua unakwenda wapi. Nimeona kijana aliyechagua mkondo kwa kuwa ulikuwa mwepesi, akafaulu vizuri sana, akakuta mlango anaoutaka haumpokei.

Kuna jambo lingine nililijifunza wodini, nikiwa mafunzoni. Hospitali siitaji. Kosa lilikuwa langu.

Aliletwa mtoto wa miaka miwili, kilo sita. Mifupa ya kifua unaihesabu. Macho makubwa, yametulia, hayaombi kitu. Nilijifungia chooni nikalia, nikatoka nimeamua. Nikachukua kikombe cha maziwa ya kawaida, nikajaza, nikakaa kitandani kwake na kijiko. Muuguzi wa zamu, mama mtu mzima, akanishika mkono kabla kijiko cha kwanza hakijafika. Hakunifokea. Alisema tu, "Dada, huruma hiyo itamuua."

Ilinichukua muda kuelewa. Mwili ulioshinda na njaa kwa muda mrefu hupunguza kila kitu ili uendelee kuishi. Moyo unapiga kwa unyonge, figo na ini vinafanya kazi nusu. Ukiumwagia chakula kingi kwa mara moja, madini kama fosfeti na potasiamu yanakimbilia ndani ya seli, damu inabaki imepungukiwa, na moyo ule dhaifu unaweza kusimama. Kwa hiyo anaanzishiwa maziwa maalumu yanayoitwa F-75, kilokalori 75 tu kwa mililita 100, protini kidogo, chumvi kidogo. Kidogo kidogo, kila baada ya saa mbili au tatu, mchana na usiku. Hayamnenepeshi, wala si kazi yake. Yanauandaa mwili kupokea. Hamu ya kula ikirudi, uvimbe ukianza kushuka, ndipo anahamishiwa F-100 au kile chakula dawa cha karanga, na hapo sasa utamwona mtoto anavyojaa.

Nilikesha na yule mtoto zamu nne. Saa nane usiku mililita zile, saa kumi mililita zile. Siku tatu mizani haikuongezeka hata gramu. Nikamwambia muuguzi hatufanyi kitu. Akanionyesha mikono ya mtoto. "Mtazame anavyokurudishia mkono ukimshika," akasema. Siku ya tano alikishika kikombe mwenyewe.

Mwaka wako huu utakuwa na siku kama zile tatu. Utasoma, utafanya zoezi, na hutaona chochote kinachoongezeka. Wenzako watakutumia picha wamevaa makoti meupe. Usijimwagie vitabu vya mwaka wa pili ili uwakute. Soma kidogo, kila siku, kwa saa zile zile. Moli leo. Kesho asidi na besi. Keshokutwa rudia moli. Mahali unapokwama usiruke, hata kama pastpepa zinasema swali hilo haliji.

Na fanya hesabu kwenye chakula unachokula. Wanga gramu moja kilokalori 4, protini 4, mafuta 9. Nilizijua namba hizo miaka mingi, lakini zilinikaa mwilini nilipoanza kupima kijiko cha mafuta ninachomwaga kwenye sufuria yangu mwenyewe. Pima unga wa ugali wa leo. Pima dagaa. Jikoni hapa ni maabara, na hakuna ada.

Sasa nikwambie kwa nini nilitaka kazi hii. Hili sijawahi kukusimulia lote.

Nilikuwa na miaka minane. Nilikuwa na mdogo wangu wa kiume, hajafika miaka miwili. Mama alipopata mimba nyingine alimwachisha ziwa siku ile ile, maana wanawake walisema maziwa ya mwenye mimba ni sumu kwa mtoto. Hakumpunguzia taratibu. Siku ile ile. Akawa anakula uji wa mahindi na mchuzi wetu. Baada ya miezi miguu ikavimba. Ukibonyeza kwa kidole, shimo linabaki. Nywele zikawa nyepesi, zina wekundu kama manyoya ya mahindi. Ngozi ya mapajani ikaanza kubanduka. Hakulia kudai chakula. Alikuwa anageukia ukutani.

Majirani wakasema amebemendwa. Unajua maana yake. Walikuwa wanasema wazazi wangu wamekosa subira, wamelala pamoja kabla ya wakati wake, na mtoto ndiye anayelipa. Mama yangu akaacha kwenda kisimani mchana. Alikuwa anakwenda magharibi, giza likiingia, asikutane na watu. Mdogo wangu alifariki kabla ya mavuno. Mama aliishi miaka mingi baada ya hapo, lakini sikuwahi tena kumsikia akitaja jina lake.

Basi nilikwenda kusoma lishe nikiwa na hasira. Nilitaka siku moja nisimame mbele ya watu kama wale majirani niwaambie kwamba ni ujinga. Na siku hiyo ilifika. Binti mmoja alileta mtoto mwenye miguu imevimba vile vile. Mama mkwe wake alikuwa pembeni, akasema bila kunong'ona, "Huyu amebemendwa." Mwanangu, nilimgeukia yule mama nikamwambia maneno. Mbele ya watu. Nikamwita mjinga, mtu wa umri wa mama yangu. Aliinuka, akamshika mkwewe mkono, wakaondoka na mtoto. Kliniki iliyofuata hawakuja. Nilipowatafuta mpaka nikawapata zilikuwa zimepita wiki tatu, na mtoto alikuwa kwa mganga. Alipona, tena kwa shida. Wiki tatu kwa mtoto aliyevimba ni nyingi mno, na nilizisababisha mimi niliyekuwa na cheti.

Miezi baadaye, katika maktaba, nilikutana na habari za daktari mmoja, Cicely Williams, aliyefanya kazi Ghana ilipokuwa ikiitwa Gold Coast. Miaka ya 1930 aliandika kuhusu watoto waliovimba kama mdogo wangu. Hakuupa ugonjwa jina la Kizungu. Aliwauliza kina mama wa kabila la Ga wanauitaje. Wakamwambia kwashiorkor, ugonjwa unaompata mtoto pale anayemfuata anapokuja. Mwaka 1935 akaliandika jina hilo katika jarida la kitabibu la Lancet, na dunia nzima inalitumia mpaka leo. Sisi tumeuita unyafuzi.

Nilifunga kitabu nikakaa. Sisi Waswahili mdogo wa mtu tunamwita aliyemfuata ziwa. Liko ndani ya lugha yetu. Kina mama wa Accra waliliona, na majirani wa mama yangu waliliona pia: mimba mpya, ziwa limekatika, mtoto anavimba. Macho yao hayakukosea. Walichokosea ni kumtafuta mwenye dhambi. Na mimi, badala ya kupokea walichokiona na kukiongoza, nilikitupa chote pamoja na lawama yake. Hata wataalamu bado wanajadiliana kwa nini hasa mtoto mmoja huvimba na mwingine, kwa njaa ile ile, hukonda tu. Sasa mimi nilikuwa nani wa kumwita mtu mjinga?

Ningemuuliza yule mama mkwe, "Mama, aliacha ziwa lini? Alianza kuvimba lini?" angenijibu kwa tarehe. Yeye ndiye aliyekuwa anaishi na mtoto.

Kwa hiyo ukienda kusoma, nenda na masikio. Utafundishwa kwamba utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Utashangaa kuona kwamba Iringa, mkoa wenye mahindi, viazi, maharage na maziwa, ni zaidi ya nusu. Kitabu kitakupa sababu, na ni za kweli. Lakini nilikaa kwenye nyumba ambayo stoo ilikuwa na magunia mpaka darini, na mtoto mfupi kuliko umri wake ameketi mlangoni. Nikahubiri mayai. Mama akaitikia, "Ndiyo, dada." Nilipokuwa natoka mtoto mkubwa akanifuata nje akaniambia mayai ndiyo daftari zake. Na mama yake alikuwa anatoka alfajiri kwenda shamba, mtoto anabaki na dada wa miaka saba, analishwa mara mbili kwa siku, uji mwepesi. Stoo ile haikuwa na la kumfaa. Mama alihitaji mtu wa kumsaidia palizi ili arudi mapema. Hilo halimo kwenye jedwali la virutubishi.

Nilichelewa kuyajua haya kwa sababu nilitaka kufika haraka. Nilitaka kuitwa mtaalamu.

Igeuze hiyo simu. Waandikie rafiki zako kwamba unaanza mwaka wa awali, kwa maneno hayo hayo. Na yule binti wa jirani aliyesoma tahasusi ya CBN, yaani kemia, baiolojia na lishe, mwenye daftari nzuri za kemia, kamwombe akusaidie jioni mbili kwa wiki. Usimwambie uko chuo.

Mimi nimeshaloweka ulezi tangu jana usiku, ule kwenye beseni la bluu. Leo nitauchuja niufunike na kitambaa. Utachukua siku mbili tatu kuchipua, kisha uanikwe, mizizi ipukutishwe, ndipo tusage. Ukipita duka la dawa ninunulie chupa ndogo ya aidini, ile ya vidonda. Tutapika uji mzito, tutatia tone kwenye kijiko kimoja kabla ya kimea na kwenye kingine baada yake, uangalie rangi mwenyewe. Ila sufuria ukishaiipua, usinisukume. Tutakaa hapa hapa tuzungumze mpaka mvuke upungue.